Ukitaka kuutafiti Mlima Kilimanjaro, usiishie juu

Mkuu, usiende hivyo. Umesema tasnifu yako ya uzamili ni ya utamaduni, mazingira na jamii za Kilimanjaro, na mpango ni kukaa Marangu, huko juu mlimani, Desemba nzima na dodoso la kaya 200. Data hiyo itakufia mkononi kama yangu ilivyokufa.

Nilichagua kijiji kimoja cha juu, kwenye migomba na kahawa, kwa sababu msimamizi wangu alisema mlima ni mmoja, kijiji kimoja kinatosha. Nikapima vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, nikahesabu mibuni iliyong'olewa, nikaandika kwamba watu wanaishi kwa kipande kisichofika ekari moja. Siku ya kutetea, mtahini wa nje akauliza: "Mahindi wanayokula yanalimwa wapi?" Sikuwa na jibu. Kaya nyingi zina shamba jingine tambarare, masika yakianza wanashuka kulima. Mabua na majani ya huko hupandishwa kulisha ng'ombe wa zizini, samadi inakwenda kwenye migomba, na migomba ndiyo inayotia kahawa kivuli. Nusu ya maisha yao haikuwemo kwenye dodoso langu! Sura mbili zikatupwa, ada ya mwaka mwingine ikanitoka mfukoni. Aliyenishauri alikuwa mezani palepale, anapekua karatasi, hakusema neno. Nina hasira naye mpaka leo, maana kulijua hilo ndiyo kazi anayolipwa.

Na Desemba jamani! Wachagga wanarudi nyumbani Krismasi kutoka Dar, Arusha, kila kona. Nyumba ambayo Oktoba ilikuwa na bibi peke yake imejaa watoto, wajukuu na magari uani. Nani utamwandika mwanakaya? Utarekodi ustawi ambao Januari umeshapanda basi.

Fuata maji, mkuu. Shika mfongo mmoja, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, anzia kwenye banio lake huko juu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ushuke nao mpaka shamba la mwisho, uongee na kila mwenye zamu ya maji. Juu utaikuta hifadhi: mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, pamoja na ule ukanda wa nusu maili waliotengewa wanakijiji tangu 1941 kwa kuni na majani. Hapo waulize akina mama kabla ya mwenyekiti, wao ndio wabebaji. Katikati watafute wazee wa mfongo, wakueleze nani huitwa kuzibua mfereji na nani hunyimwa zamu asipokuja. Chini utasikia manung'uniko ya maji yasiyofika kiangazi, na usiyachukulie kama malalamiko ya pembeni.

Mambo ya programu ya kuchambulia data uliyouliza yatasubiri. Barua ya chuo ianze mapema mkoani na wilayani, ifike kwa watendaji wawili, wa kijiji cha juu na cha chini. Nenda Februari, maji yanapogombewa, na usiondoke kabla watu hawajashuka kupanda.