Anayetaka kufungua makao ya kasuku, anza na swali la nani atakurithi

Ndugu wa Ohio, umeuliza ununue matundu mangapi ili uanze kupokea kasuku waliokataliwa na wenyewe. Matundu si kazi. Nimejitolea miaka saba kwenye kituo cha namna hiyo hapa hapa Marekani, na kilichotaka kutuangusha ni simu.

Zilikuwa haziishi. Mzee amefariki, watoto hawamtaki ndege wake. Mwingine anahamia ghorofani na kakatua wake, kasuku mwenye kishungi, anapiga kelele majirani hawalali. Kasuku wa kijivu akitunzwa anaweza kufika miaka 40 hata 60, kwa hiyo anawazika wenyewe au anawachosha. Mwaka wa kwanza hatukumkataa hata mmoja. Kwa huruma hiyo hiyo tukampokea mmoja bila kumtenga kwanza, kumbe ana kirusi cha mdomo na manyoya. Kinaenea kwa vumbi la manyoya, na dawa hakina. Tulipoteza wanne. Hadi leo naumia nikipita kwenye chumba kile. Basi chumba cha karantini, chenye hewa yake na mavazi yake, kitangulie kila kitu. Tafuta pia daktari anayewajua ndege hasa, maana wengi wamezoea mbwa na paka.

Tuna dume mmoja wa kijivu aliyenaswa porini Afrika na kuingizwa huku kabla ya sheria ya Marekani ya 1992 kubana uingizaji wa ndege wa porini. Alikuja kifua kitupu, amejinyonyoa mwenyewe. Miaka yote alilishwa mbegu za alizeti tu: mafuta tele, kalisi (madini ya mifupa) kidogo mno, na hawa wa kijivu wakikosa kalisi hushikwa na degedege. Ilituchukua miezi mitano kumzoesha mboga za majani. Manyoya ya kifuani hayajarudi, nadhani hayatarudi. Kila jioni huita jina la mama aliyemlea, kisha hunyamaza akisikiliza. Ndege kama huyo humpi mtu yeyote anayebisha hodi, wala msituni hawezi kurudi. Ni wako mpaka mmoja wenu afe.

Kwa hiyo kabla ya tundu la kwanza, andika idadi ambayo hutaivuka hata mtu akikulilia kwenye simu. Yetu sasa ni 35. Halafu tafuta watu wawili, vijana kuliko wewe, wakubali kwa maandishi kuwachukua ndege hao siku ukiondoka. Ukiwakosa, jitolee kwenye kituo kilichopo karibu nawe. Mikono huko haitoshi.