Nadharia za Lawvere: anza na gorogoro, ufafanuzi utafuata

Anayeingia kwenye aljebra ya jumla kupitia kategoria hukutana mapema na sentensi hii: nadharia ya kialjebra ni kategoria (vitu, na mishale inayounganika kati ya vitu hivyo) ambayo vitu vyake ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea, na kila n ni zao la 1 mara n. (Zao la kuzidisha, si la shambani.) Huo ndio ufafanuzi uliotokana na tasnifu ya mwanahisabati William Lawvere, Chuo Kikuu cha Columbia, 1963. Ni sahihi kabisa, na kwa mara ya kwanza haikusaidii kitu. Iweke kando, chukua kalamu, utafute mishale yote ya kutoka n kwenda 1, yaani fomula za herufi n, katika nadharia moja tu.

Nadharia nzuri ya kuanzia ni ya monoidi badilifu: kujumlisha, sufuri, na milinganyo mitatu, x+y=y+x, (x+y)+z=x+(y+z) na x+0=x. Jiweke sokoni Kibuye, Kisumu, ukipima mahindi na maharagwe ya kupika nyoyo (pure). Herufi x ni gorogoro (mkebe wa kupimia) ya mahindi, y ni gorogoro ya maharagwe. Andika fomula yoyote ya herufi hizo mbili, hata iwe ndefu namna gani. Milinganyo itaibana iwe ax+by, a na b zikiwa nambari asilia. Basi mshale wa 2 kwenda 1 ni jozi (a, b), hakuna zaidi.

Sasa unganisha mishale. Gunia la kwanza lina mchanganyiko (3, 1), la pili (1, 1). Mteja anataka la kwanza mara mbili na la pili mara moja: 2(3, 1)+(1, 1)=(7, 3). Umezidisha matriksi (majedwali ya nambari) bila kuambiwa. Nadharia nzima ndiyo hiyo: mshale wa m kwenda n ni matriksi ya nambari asilia yenye safu n za kulala na safu m za kusimama. Ukiondoa mlinganyo wa kwanza na kuongeza 0+x=x, mishale ya 2 kwenda 1 inakuwa maneno ya herufi x na y (x+y sasa inaandikwa xy), na xy si yx tena.

Wengi hukwama kwenye mwelekeo. Mishale ya n kwenda 1 ni memba wa aljebra huru yenye vizalishi n (fomula zote za herufi n, zikibanwa na milinganyo tu), lakini kategoria ya nadharia ni kinyume cha kategoria ya aljebra hizo huru. Usipogeuza mishale, mazao yanageuka kuwa majumlisho (pacha wa mazao mishale ikigeuzwa) na hesabu yote inaharibika. Kosa jingine ni kuisahau 0. Mshale wa 0 kwenda 1 ni kitu maalumu kama sufuri katika kujumlisha, au e, isiyobadilisha kitu katika kuzidisha.

Kitu hicho maalumu kina kazi kubwa. Kundi (monoidi ambamo kila memba ana kinyume chake) unaweza kulieleza kwa alama tatu: kuzidisha, kinyume cha memba, na e. Au kwa kugawanya na e peke yake, kwa kuwa xy ni x/(e/y). Orodha mbili tofauti, kategoria moja. Hapo ndipo mtindo wa Lawvere unapoushinda ule wa orodha za alama. Lakini ukibaki na kugawanya tu bila e, seti tupu inapenya na kuhesabiwa kuwa kundi.

Modeli, yaani mfano halisi wa nadharia, ni funkta (kanuni inayopeleka vitu na mishale ya kategoria moja kwenye nyingine) inayohifadhi mazao kwenda kwenye kategoria ya seti. Weka kategoria ya makundi mahali pa ile ya seti, na modeli za nadharia ya makundi zitatoka kuwa makundi badilifu (yenye xy=yx) tu. Jaribu kuthibitisha, ukurasa mmoja unatosha.

Usipoteze jioni ukitafuta nadharia ya namna hii kwa fildi (ambamo unaweza kugawanya kwa chochote kisicho sufuri). Mwanahisabati Garrett Birkhoff alionyesha mwaka 1935 kwamba aljebra zinazoelezwa kwa milinganyo hufungwa chini ya mazao: zao lao hubaki kuwa la aina ileile. Zidisha fildi mbili, kisha angalia: (1, 0) mara (0, 1) ni (0, 0), na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliye sufuri, jambo lisilowezekana ndani ya fildi.