Ufa kwenye chesisi ya Land Rover 110: nichomelee au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Lindi mjini. Nina Land Rover 110 ya zamani, ya dizeli, niliyoachiwa na marehemu baba. Kazi yake ni kuvuta tela la boti ya fiba, kuishusha majini na kuipandisha, na msimu wa chumvi inavuta tela la magunia kutoka mashambani. Juzi naosha chini nikaona ufa nyuma ya ekseli, upande wa kulia, karibu na ile boriti ya nyuma inayoshika kiungo cha tela. Urefu wake kama kidole, na kutu pembeni inabanduka maganda maganda. Fundi wa mtaani kwetu anasema ataweka kipande cha reli kwa ndani, achomelee, kesho yake niendelee na kazi. Ni sawa? Na gari hili bado linafaa kuvuta? Picha nimeituma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, fungua tela leo na usilifunge tena hadi kazi hii iishe. Gari tupu lenye ufa huo unaweza kulitembeza polepole hadi gereji. Likiwa na tela, siku boriti ya nyuma ikichomoka mteremkoni, tela na boti vitakwenda vinakotaka. Usitegemee minyororo ya usalama, maana nayo imefungwa kwenye boriti hiyohiyo.

Reli, hapana. Naisema kwa uchungu kwa sababu nami nimewahi kufanya kosa la ukoo huo. Zamani, nikiwa bado na haraka ya kumaliza kazi, nililetewa pikapu iliyopasuka nyuma. Nikakata bamba la milimita 8, mstatili safi, nikalichomelea pande zote nne. Likapendeza. Mwenye gari akalipa, akaenda kubeba korosho Tandahimba. Msimu haujaisha akarudi. Bamba langu zima, halina hata mkwaruzo, na chesisi imepasuka wima pembeni mwake, sambamba na mshono wangu, utadhani nimeipitisha msumeno.

Sababu ni kwamba chesisi hupinda kidogo kila gari linapoingia shimoni, na imeundwa hivyo. Ukibandika kitu kigumu kupita kiasi, pale hapapindi tena, na mpindo wote unahamia pale kiraka kinapoishia. Bahati mbaya ndipo palipounguzwa na moto wa kuchomelea. Reli ni mbaya zaidi, kwa kuwa chuma chake kina kaboni nyingi na usipokipasha moto vizuri kabla ya kuchomelea, mshono hupasuka unapopoa. (Na sijui reli yenyewe kaitoa wapi. Ile ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, ya Mtwara hadi Nachingwea, iling'olewa miaka ya 1960.)

Lakini huo ufa haunitishi kama kutu uliyoitaja kwa maneno mawili ukapita. Chuma kizima kilichopasuka kinatibika. Chuma kilichooza hakichomeleki. Moto ukikigusa kinatoboka, fundi anafukia tundu kwa kijiti kingine, linatoboka pembeni, mwisho unabaki na kichuguu cha madonge kilichoshikana na rangi. Kwa hiyo usianze na mashine ya kuchomelea. Anza na nyundo.

Chukua nyundo ndogo ya nusu kilo na bisibisi nene. Lala chini ya gari asubuhi kukiwa kimya, anza mbele ambako huna wasiwasi, gonga ubavu wa chesisi usikilize. Chuma kizima kinaita, sauti inakwenda mbali. Endelea kurudi nyuma, kila upana wa kiganja gonga, juu, ubavuni na hasa chini. Mahali sauti inapogeuka ikawa kama unagonga debe lenye mchanga, weka alama ya chaki. Kisha pale penye chaki sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikibonyea au ikiingia, hapo pamekwisha, hata kama rangi ya juu inang'aa. Usipite haraka pale chesisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, wala kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, wala kwenye boriti ya nyuma yenyewe. Kwa Land Rover boriti hiyo ndiyo hutangulia kufa.

Tatizo la chesisi hii ni kwamba ni boksi, na huoza kutoka ndani. Maji ya bahari yanaingia kupitia matundu, yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kwetu pwani hata kiangazi ndani ya boksi hamkauki. Matundu ya chini ya kutolea maji nayo yamezibwa na tope, nenda kayaangalie. Tela lako la chumvi linamwaga maji yake palepale kwenye boriti. Na kama gari hilo liliwahi kubeba salfa ya kupulizia mikorosho, ujue unga ule ukilowana unakula chuma vibaya. Juu huwezi kuona dalili, maana bodi ya Land Rover, tangu ile ya kwanza iliyooneshwa Amsterdam mwaka 1948, sehemu kubwa ni aluminiamu. Nimeona 110 zenye milango mizuri kabisa ambazo chini unaweza kuchungulia ardhi kupitia ubavu wa chesisi.

Sasa, alama zako za chaki zitakwambia uko wapi. Zikiwa kwenye boriti ya nyuma na vipande vifupi nyuma ya ekseli tu, hali si mbaya: kata sehemu yote iliyooza hadi ufike kwenye chuma kinachoita, ujenge upya kwa bamba la milimita 3 lililokunjwa. Uingereza boriti hizo zinauzwa zikiwa tayari na miguu yake, lakini fundi mzuri mwenye mashine ya kukunja bati nene anaziunda hapahapa. Zikitapakaa hadi juu ya ekseli na kuelekea mbele pande zote mbili, usiweke kiraka juu ya kiraka. Hapo tafuta chesisi nyingine, au liache gari libaki la kubebea mzigo mwepesi, kazi ya kuvuta iwe basi. Ukifikia kubadilisha chesisi, kumbuka namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia mbele, ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Pita TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi kwanza, siyo baada ya kazi.

Nikichukulia kwamba pale penye ufa chuma bado ni kizima, kazi inakwenda hivi. Tangi la nyuma la mafuta, kama gari lako linalo, lipo hapohapo karibu na ufa. Litolewe, siyo lifunikwe gunia bichi. Wengi hudhani tangi tupu halina hatari, kumbe mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Sogeza paipu za breki na nyaya. Vua vichwa vyote viwili vya betri, chomoa na altaneta. Waya wa ethi ubanwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichokwanguliwa, usije ukapitisha umeme kwenye bearingi za magurudumu. Gari likae usawa juu ya stendi, uzito wa nyuma ukiwa umebebwa, na upime pembe kwa pembe kwa kamba kabla na baada. Jeki peke yake usiitegemee, mimi simlazi kijana wangu chini ya jeki.

Ufa unaouona siyo mwisho wa ufa. Kwangua hadi chuma cheupe, paka mafuta ya taa, subiri kama dakika 20, futa kwa kitambaa hadi pakauke, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Baada ya muda mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Mara nyingi utakuta ufa ni mrefu kuliko ulivyodhani, tena umepinda kona ukapanda juu ya boksi. Na kwa gari la kuvuta mimi hutegemea kuuona juu, kwa sababu tela linapokandamiza kiungo nyuma ya ekseli, upande wa juu wa chesisi ndio unaovutwa. Ukiona umeanzia chini, tafuta kitu kingine, kwa mfano kibano au tundu alilotoboa mtu.

Mahali mstari unapoishia, toboa tundu la milimita 6. Tundu hilo ndilo linalouzuia ufa usiendelee kukimbia. Usipolitoboa, mshono wako utakuwa mzuri na ufa utaendelea mbele yake. Futa mafuta ya taa yote, acha pakauke kabisa kabla ya kuleta moto. Panua ufa kwa grainda uwe na mfereji, kisha chomelea. Chuma cha pale ni chembamba, milimita 2 hadi 3, kwa hiyo kijiti cha 6013 cha milimita 2.5 kinatosha, ampea zisizozidi 90. Ukipata fundi mwenye mashine ya MIG, ile ya waya na gesi ya kukinga mshono, bora zaidi. Vijiti viwe vikavu. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa wazi pwani kwa mwezi hainifai. Mshono uende vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, ukiruka huku na huku ili chuma kisipinde, na upoe wenyewe. Ukimwona fundi anamwagia maji, mzuie.

Baada ya hapo sawazisha mshono kwa grainda na ndipo uweke bamba la kuimarisha, ubavuni, lenye unene usiozidi wa chesisi au milimita 3. Likate kama mtumbwi unaotazamwa kutoka juu: pana katikati, linachongoka taratibu pande zote mbili, likivuka ufa kwa kama sentimita 15 kila upande. Hivyo nguvu inaingia na kutoka polepole, haikwami kwenye mstari mmoja wima kama kwenye bamba langu la zamani. Toboa matundu mawili matatu katikati ya bamba uyajaze kwa moto ili lishikane na ubavu. Usipitishe mshono unaokatiza juu ya boksi wala chini yake.

Rangi ya zinki nje, mara mbili au tatu. Ndani ndiko wengi wanakosahau: moto umeunguza kila kilichokuwa kinazuia kutu. Chuma kikishapoa, mwagia maji baridi (yasiyo ya chumvi) mengi kupitia matundu, acha likauke jua la siku kadhaa, kisha puliza nta ya kuzuia kutu au oili nzito kwa mpira mrefu. Oili chafu ya injini ni afadhali kuliko kuacha hivihivi, ila huozesha bushi za mpira, tena itamwagikia ufukweni ambako watu wanaokota chaza.

Umeniuliza kama bado linafaa kuvuta. Land Rover 110 imeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3500, lakini tela hilo liwe na breki zake. Tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750, tela lenyewe pamoja na kilichomo. Nijuavyo tela za boti za huku, nyingi hazina breki kabisa, na boti ya fiba yenye injini, nanga na tangi la mafuta inavuka 750 mapema. Mzigo wa magunia sitaki hata kuukadiria. Pima pua ya tela pia, yaani uzito wa ncha ya mbele inayokaa kwenye kiungo. Azima mizani ya gunia, weka pua juu yake tela likiwa limesimama sawa na limepakiwa. Kwa boti nataka isipungue asilimia 5 ya uzito wote na isizidi 10. Ikizidi, sogeza boti nyuma kidogo. Ikipungua mno, tela litayumba.

Na acha kuliingiza gari majini. Nunua kamba nene ya mita 10, vua tela kwenye mchanga mkavu, literemshe kwa kamba gari likibaki juu, upandishe vivyo hivyo. Siku ukilazimika kulowana, lioshe kwa maji baridi jioni ileile, na mpira uingize ndani ya boksi, siyo kwenye milango.

Picha uliyotuma inaonesha rangi, haioneshi chuma. Ukishagonga, niandikie sauti imegeuka wapi na bisibisi imeingia kiasi gani, kulia na kushoto.