Kikaratasi cheusi ndani ya simu

SWALI: Kaka habari za kazi. Najifunza ufundi simu hapa Majengo, Dodoma. Juzi nimefungua simu ya mteja nikakuta kikaratasi cheusi kimebandikwa juu ya bodi, kikachanika, nikakitupa nikijua urembo tu. Sasa simu inachemka karibu na kamera na ikipigiwa spika inakoroma. Nikibandika foili ya jikoni itasaidia?

JIBU: Mdogo wangu, foili acha kabisa. Ikigusa bodi umepiga shoti simu ya watu, ikifunika antena ndo mtandao unapotea.

Kile kikaratasi kina kazi mbili nzito: kusambaza joto, na kuzuia mawimbi ya simu yasivuruge sehemu nyingine kama spika. Plastiki tupu joto haliipiti, ndo maana mishikio ya sufuria ni ya plastiki, shaba inapitisha joto kama mara 2,000 zaidi yake. Sasa ndani ya simu panatakiwa kitu chepesi, kinachokunjika, ila kifanye kazi ya chuma, kwa hiyo wanachanganya plastiki na kinywe (yaani grafiti, haya haya madini yaliyoko Mahenge, jirani zetu Morogoro) au grafini, yaani kinywe kilichobanduliwa mpaka unene wa atomu moja, walichofanikiwa kule Manchester mwaka 2004. Chembe zikigusana zinafanya njia, umeme unapita humo, na mawimbi yakija mengine yanarudishwa mengine yanamezwa. Karatasi yenye uwezo wa kuzuia wa desibeli 20 inazuia 99 kwa kila 100 ya nguvu ya mawimbi, ya 30 inazuia 999 kwa 1,000.

Tunachopuuza sana mafundi ni uelekeo. Zile chembe zimelala kama kurasa za daftari, joto linakimbia kufuata upana wa karatasi lakini kutoboa kwenda upande wa pili linasumbuka. Kazi yake ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulisambaza mgongo mzima, ikichanika katikati tu linakwama palepale, na hili jua letu la mwezi wa 11 simu inapumulia wapi?

Kuna karatasi nyeupe pia, ya boroni naitraidi, inapitisha joto ila umeme hapana, kwa hiyo mawimbi haizuii. Usiiweke badala ya nyeusi.

Tafuta simu mbovu ya modeli ileile, bandua yake taratibu, upande wenye plastiki ya kuzuia umeme uelekee bodi, antena iache wazi. Spika ikiendelea kukoroma kagua vile vibati vinavyofunika IC (chipu za kwenye bodi), kimoja kikilegea mawimbi yanavujia pembeni.