Mwalimu wa piano si lazima awe na digrii
Dada, umeuliza kama mwalimu wa piano wa mwanao hapa Bagamoyo lazima awe na digrii. Hapana. Wapiga kinanda wetu wengi wamekulia kwenye kwaya za kanisani, na wapo mahodari kweli. Wengine wamepitia TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa.

Ila muulize hili: anasoma nota au anapiga kwa kusikia tu? Kwangu hilo ndilo zito. Mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, ina ngazi 8, na kufika ya 6 kwa kawaida mtoto awe ameshafaulu mtihani wa nadharia ya muziki wa ngazi ya 5. Halafu omba ukae darasani siku moja uone anavyomsahihisha mtoto.