Boti ya mtumba ya injini ya ndani: kagua mguu kwanza (Volvo Penta, MerCruiser, OMC)

Mkuu, afadhali umeuliza kabla ya kulipa. Una boti tatu mkononi, zote za miaka ya 1980, futi 18 hadi 20: moja Volvo Penta AQ131 na mguu wa 290, ya pili MerCruiser 470 na Alpha One, ya tatu OMC Cobra yenye V6 ya lita 4.3. Boti itakaa Msasani, Dar es Salaam, maji ya chumvi, na unataka kujua injini ipi ni ngumu zaidi.

Injini iweke nafasi ya tatu. Ya kwanza ni mguu, ya pili ni ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, ambao mguu umefungwa hapo. Mguu ni ile sehemu ya nje yenye gia na propela, injini ikiwa ndani nyuma kabisa. Volvo Penta ndio waliouingiza sokoni mpangilio huu mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, MerCruiser wakafuata 1961, OMC nao hawakuchelewa. Sababu ya kuanza na mguu ni kwamba bloku za injini nyingi za boti hizi zinatoka kiwanda kimoja: GM ya Marekani. Ile 3.0 ya silinda nne, V6 ya 4.3, V8 ya 5.0 na 5.7, utazikuta zimepakwa rangi nyeusi ya MerCruiser, nyekundu ya Volvo au nembo ya OMC, na ndani pistoni ni zilezile. Fundi mzuri wa injini za petroli anaifungua GM na kuirudisha bila shida. Mguu ndio ulio tofauti kwa kila kampuni, na ndio unaomaliza pesa.

Kwa bahati mbaya mbili kati ya tatu zako zina injini zisizo za GM, kwa hiyo nizitaje.

AQ131 ni injini ya Volvo yenyewe, lita 2.3, ndugu wa zile zilizokuwa kwenye gari za Volvo 240. Ni chuma hasa. Ina mkanda wa taimingi. Badilisha siku ya kununua bila kumsikiliza muuzaji. Kwenye hii ya valvu 8 mkanda ukikatika injini inazima tu. Ukikutana na AQ171 ya valvu 16, mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kinachouma kwenye Volvo za silinda nne ni manifodi ya ekzosti pamoja na kiwiko chake: ikitoboka ndani, maji ya bahari yanaingia kwenye silinda, na manifodi mpya ni ghali kuliko za GM.

MerCruiser 470 ndiyo ninayoiogopa. Bloku ni ya alumini, waliyoitengeneza wenyewe, lita 3.7, silinda nne kubwa, na juu yake silinda hedi ya chuma ya ukoo wa Ford. Pampu yake ya kuzungusha maji inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo maji na oili vinatenganishwa na sili ndogo tu. Sili zikichoka, maji ya kupoza yanaingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, ondoka. Tatizo la pili ni chaji. Haina altaneta ya mkanda ya kawaida. Ina koili zilizofungwa mbele ya injini, nyuma ya puli, na zikiungua si kazi ya nusu saa. Boti nyingi za 470 zilizobaki hai zimeshafungwa altaneta ya mkanda. Ukiikuta hivyo, ni dalili kwamba kuna mtu aliyeijua amepita hapo.

Sasa miguu.

Alpha One ni mguu wa MerCruiser uliozagaa kuliko yote. Toleo la kwanza linaishia 1990, kuanzia 1991 ni Gen II. Sehemu ya chini ya toleo moja haiingii kwenye toleo jingine, kwa hiyo usinunue kipuri kwa kusema "cha Alpha" tu. Toa namba ya utambulisho (serial) ya mguu. Faida yake kubwa ni vipuri: mbali na Mercury, wenye MerCruiser wenyewe, kampuni kama Sierra zinatengeneza impela, sili, raba na beringi zake, na SEI wanatengeneza hadi mguu mzima. Kwa sisi tunaoagiza kutoka nje, hilo ni jambo la kwanza.

Udhaifu wake ni gia. Alpha ina klachi ya meno iliyo chini, karibu na propela. Ili meno yaachiane, kuna swichi inayokata moto wa plagi kwa sekunde kidogo unapotoa gia. Kebo ya chini ya gia ikiwa nzito kwa kutu au maji, swichi inashikilia muda mrefu na injini inazima kila ukirudisha nutro. Muuzaji atakwambia ni sailensa (mzunguko wa chini) ya kabureta. Mwambie azime injini, chomoa kebo upande wa injini, isukume kwa vidole: inatakiwa iteleze laini. Ikikwama weka kebo mpya, na marekebisho yake ni inchi 6 kamili kati ya kitovu cha pipa la shaba na kitovu cha tundu la mwisho wa kebo. Ukikosea hapo meno yanashika nusu, yanakwanguana, na utasikia "tak-tak-tak" ukikanyaga mafuta. Meno yakishaliwa, marekebisho hayasaidii tena.

Alpha pia ina impela ya maji ndani ya mguu, juu ya sehemu ya chini. Kuibadilisha lazima ushushe sehemu hiyo. Si kazi ngumu, lakini ndiyo maana wengi hawaibadilishi mpaka injini ichemke. Ibadilishe kila mwaka, bila kujali saa za kutembea. Bravo, mguu mkubwa wa MerCruiser kwa V8, ina klachi ya koni juu na pampu ya maji kwenye injini; ni imara zaidi, ila Bravo Three yenye propela mbili inaliwa vibaya sana na chumvi.

Volvo 290 ni mguu mtamu kuendesha. Klachi yake ni ya koni, iko juu, gia inaingia bila kishindo na hakuna swichi ya kukata moto. Koni ikichoka inateleza: boti baridi inakwenda vizuri, ikipata moto dakika ishirini mizunguko inapanda lakini mwendo haupandi. Ndiyo maana jaribio la dakika tano halitoshi. Mguu wa 280 wa kawaida, wa kabla yake, hauna trimu, yaani ya kubadilisha pembe ya mguu ukiwa unatembea. Una mota ya umeme ya kuinulia tu, na pembe unaipanga kwa kuhamisha pini. Muuzaji anaweza kukuonyesha mguu unapanda na kushuka ukadhani ni trimu. Tafuta jeki mbili za haidroliki pembeni; kama hazipo, si trimu.

Shika ncha ya chini ya mguu wa Volvo, sukuma kulia na kushoto. Ikicheza sana wakati usukani haujagusika, bushi za uma wa usukani na kofia yake ya juu zimekwisha. Jambo jingine linaloua miguu hii ni oili. Miguu ya 280 na 290 inatumia oili ya injini, si oili ya gia. Fundi aliyezoea mashine za nje za Yamaha atajaza ya gia kwa mazoea, na klachi ya koni itaanza kuteleza. Muulize mwenye boti alijaza nini, kisha nyamaza umsikilize.

Tatizo la Volvo ni bei na idadi ya vipuri. Vingi vinapatikana kwa Volvo Penta pekee, na propela za Duoprop, zile mbili zinazozunguka kinyume, zinanunuliwa kwa seti.

OMC Cobra sitaizungumzia sana. Ilitengenezwa 1986 hadi 1993, kisha OMC wakaungana na Volvo Penta kwenye miguu, na mwishoni mwa 2000 OMC wakafilisika. V6 yako ya 4.3 ni GM safi, haina neno. Mguu una klachi ya meno kama Alpha, pamoja na kisanduku cha elektroniki cha kusaidia kutoa gia, na urekebishaji wa kebo yake ni wa kukaa na kitabu. Vipuri vya kuchakaa bado vipo, ila nyumba za gia na vipande vikubwa ni vya kutafuta kwenye miguu iliyokufa. Kwa mtu wa ziwani Ulaya mwenye karakana, sawa. Kwa Dar, ichukue kama umepata injini ya 4.3 na trela, mguu uuhesabu sifuri.

Ukaguzi wenyewe, kwa boti yoyote kati ya hizo:

Legeza skrubu ya chini ya mguu kabla injini haijawashwa. Boti ikiwa imekaa usiku kucha, maji yanakuwa yamezama chini, na kitu cha kwanza kutoka ndicho kinachosema kweli. Tone la maji au oili nyeupe ni sili zimekufa. Skrubu ya kutolea oili kwa kawaida ina sumaku: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vyenye makali ni meno ya gia.

Inua mguu, angalia raba za mikunjo kati ya mguu na tezi. Ingiza vidole ndani ya kila mkunjo na uupanue, hasa upande wa chini usioonekana, ambako konokono wa bahari hukata. Ukiona mipasuko midogo kama ya tairi kuukuu, raba imekwisha hata kama haijatoboka. Raba ikipasuka, maji yanafika kwenye krosi (kiungo cha kupinda cha shafti) na beringi ya gimbali (inayobeba shafti kwenye tezi), na yakipita hapo yanaingia ngama, chini kabisa ndani ya boti. Boti iliyolala kwenye nanga inaweza kuzama kwa raba hiyo moja. Baharini usizidishe miaka mitatu.

Kama muuzaji ana moyo, mguu utolewe. Ni nati sita kwenye Alpha. Zungusha beringi ya gimbali kwa kidole: iwe kimya na laini. Ikikwaruza kama ina mchanga, weka mpya. Kisha ingiza fimbo ya kupangia injini hadi kwenye kapla, kiungo cha shafti nyuma ya injini. Iingie kwa nguvu ya vidole viwili. Kama inahitaji nyundo, injini imeshuka upande mmoja, na meno ya kapla yanaliwa kimyakimya. Kwa MerCruiser angalia pia mchezo wa ringi ya gimbali inayobeba usukani, maana kubadilisha shafti yake ya juu mara nyingi kunadai injini itoke.

Ukuta wa tezi ni mbao iliyofunikwa faiba. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka mguu: sauti kavu ni nzuri, sauti ya boga ni mbao iliyooza. Simama juu ya mguu mtu mwingine akiangalia. Ukiona faiba inapumua, acha hiyo boti.

Injini iwe baridi ukifika. Ukiikuta moto, uliza kwa nini. Pima kompresheni silinda zote, plagi zote zimetoka, kabureta wazi: GM zenye afya ziko kati ya psi 120 na 160, lakini muhimu zaidi zilingane, tofauti isizidi asilimia 15. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi. Toa kiwiko kimoja cha ekzosti ukaangalie ndani. Kwa maji ya chumvi manifodi na viwiko vya chuma ni vitu vya kubadilisha kila miaka mitano hivi, hata vikionekana vizima kwa nje.

Baharini, endesha nusu saa. MerCruiser nyingi za kabureta zinatakiwa zifike mizunguko 4,400 hadi 4,800 kwa dakika ukifungua mafuta yote. Ikifika 3,900 tu, ama propela ni kubwa, ama injini ni dhaifu, ama faiba imekunywa maji na boti ni nzito. Inchi moja ya pichi ya propela (mlalo wa mabawa yake) inabadilisha takribani mizunguko 150 hadi 200. Kata kona kali pande zote mbili ukisikiliza: mngurumo unaokuja kwenye kona tu ni krosi au beringi ya gimbali.

Halafu angalia stata, altaneta, distributa na pampu ya petroli kama ni za boti. Za gari zinaingia vilevile na ni rahisi, ila za boti zimezibwa zisitoe cheche nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala ngama; cheche moja ya altaneta ya gari inatosha. Feni ya ngama iwashwe dakika nne kabla ya kupiga stata, kila siku.

Kwa zako tatu: Volvo AQ131 ichukue kama mguu hautelezi ukiwa moto na kofia ya usukani haichezi. MerCruiser 470 iwe ya bei ya kutupa, au mguu na tezi viwe vizima kiasi cha kukuruhusu kuiondoa injini na kuweka GM 3.0, hapo uliza uwiano wa gia, maana ya 3.0 ni karibu 1.94 kwa 1 na ya V8 ni karibu 1.5 kwa 1, na mguu wenye uwiano usiofaa hautaipa boti nguvu ya kupanda juu ya maji. Cobra muachie mwenzako.

Na fikiria kulala kwa boti. Mguu hauinuki wote ukatoka majini kama mashine ya Yamaha. Ukiiacha kwenye nanga Msasani miezi mitatu, alumini italiwa. Weka anodi za zinki au alumini, usipake mguu rangi ya kuzuia konokono yenye shaba, na kama huna trela wala sehemu ya kuipandisha nchi kavu, nunua boti yenye mashine ya nje.

Tuma picha ya kibati cha namba za injini na mguu wa ile Volvo, na picha ya skrubu ya chini ikiwa imetolewa leo asubuhi.