Ukisoma utabiri wa mvua za Msimu, anza na tarehe

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikishatoa mwelekeo wa mvua za Msimu, zile za maeneo yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba au Novemba inapoanza, magrupu ya WhatsApp ya wakulima huku Dodoma hujaa sentensi moja: "Wamesema juu ya wastani." Au chini ya wastani. Basi, imetosha. Kwa sentensi hiyo mtu anaacha mtama anahamia mahindi, anakopa mbegu, wakati taarifa yenyewe ina kurasa kadhaa na mambo yenye manufaa zaidi hayajasomwa.

Mimi nalima upande wa Hombolo: mtama, alizeti, na bustani ya nyanya na mchicha. Mkulima mwenzangu wa kanda ya kati, tafuta kwanza tarehe. Mvua inatarajiwa kuanza wiki gani, itakata wiki gani, na wamesema nini kuhusu vipindi virefu vya ukavu. Jumla ya mvua isome mwisho.

Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Zikinyesha kwa mpangilio, mtama unatoka na alizeti inajaza. Nusu yake ikimwagika siku chache za Januari, halafu Februari jua likawaka mfululizo, msimu utahesabiwa kuwa wa wastani na ghalani hamna kitu. Mahindi yakikutwa na ukavu yanapotoa mbelewele na ndevu, mvua ya Machi hata ikija kwa fujo hairudishi punje. Mtama unakunja majani na kusubiri. Februari ya huku tunaijua sote, na bado kila mwaka kuna wanaopanda kana kwamba haipo.

Halafu kuna asilimia. Ramani za kanda, kama zile za ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda kilichoko Nairobi, zinagawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Ukiona eneo lako lina asilimia 45 za kuwa juu, maana yake 55 zimebaki kwenye yale mengine mawili. Ni sababu ya kuongeza kidogo eneo la mahindi bondeni. Kuuza akiba ya mtama kwa sababu hiyo, hapana.

El Niño nayo, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ikitajwa, watu wanakumbuka 1997/98, reli ya kati ilivyosombwa na maji kati ya Kilosa na Gulwe, na wanaanza kuogopa au kushangilia. El Niño huongeza zaidi mvua za Vuli, zile za kaskazini, ukanda wa Ziwa Victoria na pwani ya kaskazini, hasa Bahari ya Hindi upande wetu inapokuwa na joto pia. Mwaka 2019 joto hilo la bahari lilitosha kuleta mvua kubwa bila hata El Niño ya kueleweka. Kusini mwa Afrika, El Niño hiyo hiyo huleta ukame. Sisi wa katikati tuko mpakani: mwaka mmoja tunavutwa huku, mwingine kule. Kwa hiyo ndugu yako wa Tanga akikuambia anajiandaa kwa mafuriko, mwache ajiandae, wewe soma sehemu inayotaja Dodoma na Singida.

Utabiri ni wa mkoa, mvua ni ya shamba. Huku inaweza kunyesha ng'ambo ya korongo na kwako vumbi likabaki vilevile. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, lisilopanuka juu, liweke mahali pa wazi mbali na mti na paa, na kila siku saa 3 asubuhi pima maji kwa rula, andika, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani kama lita 4,000 kwenye ekari. Kipimo kinachotumika sana kusema mvua imeanza ni milimita 20 ndani ya siku mbili, bila kufuatiwa na ukavu wa siku zaidi ya kumi. Hilo la ukavu kopo halikuambii, ndipo utabiri wa siku kumi unaposaidia. Usipande mbegu ya mahindi ya kununua dukani kwa mvua moja ya Novemba. Inalainisha juu tu. Chimba kwa jembe uone, unyevu ukiishia chini kidogo ya vidole, subiri.

Mtama na uwele wengi hupanda kavu, nami naona ni sawa, ila fukia chini kidogo zaidi ili mvua ya kupita isiamshe mbegu. Mzee jirani yangu huangalia mbuyu unapochipua majani. Simbishii, mbuyu huchipua kweli mvua zikikaribia, lakini hauna habari na Februari.

Taarifa za siku chache mbele zina kazi yake pia. Ukiona TMA wametoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, acha kwanza mbolea ya kukuzia, maji yatakwenda nayo bondeni. Iweke ardhi ikiwa na unyevu na mvua za kawaida zikitarajiwa.

Bustani ina hesabu nyingine. Mvua zikifululiza, nyanya zinashambuliwa na bakajani, ugonjwa unaounguza majani, na dawa inaoshwa kabla haijakauka. Kiangazi ni zamu ya kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Mimi nyanya nyingi nazipeleka kwenye kipupwe, Juni hadi Agosti, kwa maji ya kumwagilia, na wakati wa mvua nabaki na mchicha kwenye matuta yaliyoinuliwa. Bei ya nyanya wakati wa mvua inashawishi, najua. Ukitaka kujaribu, jaribu tuta moja.

Tarehe ya kukata mvua ndiyo inayokuchagulia mbegu. Macia, mbegu ya mtama, inataka kama miezi mitatu na nusu hadi minne. Wakisema mvua itakata katikati ya Aprili, hesabu kurudi nyuma: mtama uwe ardhini kabla Desemba haijaisha. Mvua ikichelewa hadi katikati ya Januari na hujapanda, sehemu iliyobaki ipe kunde na choroko, ambazo miezi miwili na kidogo zinazitosha. Kamuulize afisa ugani wa kata kuhusu mbegu mapema, kwa sababu Januari kila aliyechelewa anatafuta choroko ile ile na bei inapanda.